Pasi Juu ya Uso wa Nsimire

Papa Constantin alikuwa mshonaji nguo wa Kadutu, mjini Bukavu. Kila asubuhi alipima mabega ya watu kwa uso mzito, kama mtu anayepima majeneza. Mama mkwe wake, Bulonza, aliketi karibu naye akichagua maharage.

Siku moja mwaka 1957 Bulonza aliacha maharage. Alisema, "Papa Constantin, nimeanza kusahau uso wa mutoto wangu."

Mtoto huyo ni Nsimire, mke wa Constantin, aliyefariki miaka minne kabla. Picha yake ilibaki moja tu, nayo ilikuwa bado filimu tu, negatifu isiyochapishwa. Kwenye negatifu, cheusi huonekana cheupe, na cheupe huonekana cheusi. Constantin akamwonyesha.

"Huyu muzungu ni nani?" Bulonza aliuliza.

"Ni Nsimire, maman."

"Nsimire hakukuwa muzungu hata siku ya ubatizo."

Constantin aliamua kusafisha picha mwenyewe. Alinunua karatasi na dawa. Akaziba dirisha la ghala kwa blanketi, akawasha taa ya mafuta yenye kioo chekundu. Aliweka negatifu juu ya karatasi, na juu yake kioo chembamba alichokiazima kwa Mtakatifu Yosefu wa picha ya ukutani. Kioo hakikukandamiza vizuri. Basi akafanya kama mshonaji yeyote mwenye akili: akaweka pasi juu. Kisha akainua pembe ya blanketi, mwanga wa jua uingie.

Ilitoka picha nzuri sana ya pasi. Pembeni lilionekana sikio moja la Nsimire.

Jirani yake, Lucien, aliwahi kumfanyia kazi mpiga picha kwa miaka mingi. Aliiangalia picha ile, akavua kofia.

"Pole, papa. Marehemu alikuwa pasi muzuri."

Constantin hakucheka.

"Ilikuwa na makaa?" Lucien aliuliza.

"Hapana, baridi."

"Mushukuru Mungu. Joto lingeharibu filimu. Ungemuzika maman Nsimire mara ya pili."

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya picha. Constantin alionyesha mashine kubwa kuliko zote. "Tuchukue ile."

"Ile ni agrandisseur, inakuza filimu ndogo. Yako ni kubwa tayari, kama kiganja. Picha itatoka kipimo kile kile."

Lucien alichagua fremu ya mbao yenye kioo kinene. Nyuma ilikuwa na ubao laini na springi mbili.

"Hii inaitwa shasi. Inabana pembe zote sawasawa, na haizibi mwanga. Angalia kioo: mukwaruzo mumoja utakuwa kovu usoni. Na karatasi iwe ya kontakti, ya kugusana na filimu, ile inayopokea mwanga polepole. Ile ya mashine ingekuwa nyeusi yote kwa jua."

"Na masahani?"

"Matatu. Dawa ya kuleta picha, maji, na dawa ya kuidumisha. Usichukue ya jikoni. Dawa hizi ni sumu."

"Bulonza angenipiga."

"Angetupiga wawili."

Mchana ule, ghalani, Lucien aliinua blanketi, akahesabu hadi tatu, akalishusha. Ndani ya dawa kilitokea kitambaa cha kichwa. Kisha macho. Constantin alishika ukingo wa sahani.

Picha ilipokauka, Bulonza aliipeleka mlangoni penye mwanga.

"Aksanti, Lucien," alisema. "Aksanti, papa Constantin. Kila jioni nilikuwa ninaombea jina tu. Leo nitaombea mutoto wangu."