Waya Mbili Zisizo na Kichwa

Jua lilikuwa linazama na wenzake walishaaga, lakini Mama Waya alirudi kwenye chumba chake cha kazi kwa kipimo kimoja cha mwisho. Jina hilo alibandikwa palepale hospitalini, kwa sababu miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kubandika waya kwenye vichwa vya watu na kusoma mistari inayochorwa na mashine. Kazini hakuwa na utani na mtu. Ila siku ile kichwa kilichokuwa mbele yake kilikuwa cha mwanawe wa mwisho, Kitinda.

Kitinda alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa anaanguka. Alianguka darasani, taa ya darini ilipoanza kupepesa. Alianguka akishuka garini, baada ya jua la jioni kukatwakatwa na miti ya barabarani njia nzima. Mara ya tatu alianguka bwenini, wenzake wakapiga mayowe kwamba ana pepo. Mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani. Akasema bila barua ya daktari kuonyesha kwamba ni ugonjwa, nafasi yake anapewa mwingine. Mwisho wa kuileta ulikuwa kesho yake.

"Pepo! Watu wazima na akili zao!" Mama Waya alifoka huku akipaka gundi. "Ni umeme wa kichwa tu huo. Leo nitauchora, wauone kwa macho yao."

Zilibaki waya mbili za akiba. Akazitundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake, kama siku zote. Hazikushika kitu. Mistari yake miwili, chini kabisa ya karatasi, huwa michafumichafu tu, wala hakuna anayehangaika kuisoma.

"Mama, lazima hiyo taa ya kupepesa iwake?"

"Lazima. Mistari ikichachamaa nazima hapohapo."

Kitinda akaziba jicho moja kwa mkono. Akanong'ona.

"Huwa namwona mtu... Bibi kizee. Taa ikipepesa, kila ikiwaka anakuwa amesogea. Amefumba macho. Anapapasa hewani, kama anatafuta. Nikiziba jicho moja, anapotea."

Mama Waya alisita. Mgonjwa mmoja, mwaka juzi, alimwambia maneno hayohayo. Yeye akamcheka.

"Kuziba jicho kunasaidia kweli," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Ubongo unapata mwanga kidogo. Hata wagonjwa nawafundisha. Huyo bibi ni ndoto tu, mwanangu."

Akaushika mkono wa binti yake uliokuwa umeziba jicho. Akaushusha.

Akawasha taa.

Mara tano kwa sekunde. Mistari shwari.

Mara kumi. Shwari.

Watu wa kazi hii hawaangalii chumba. Taa ikipepesa, macho yao yako kwenye karatasi mwanzo mwisho. Mama Waya naye hakuinua uso.

"Mama..."

"Tulia."

"Yuko nyuma yako."

Ikaja harufu. Nywele zilizoungua. Mama Waya akajiambia ni mashine kuukuu hiyo, akasogeza kitufe.

Mara kumi na tano.

Mistari yote ikaruka kwa pamoja, miiba mirefu juu chini, juu chini. Ushahidi huo! "Nimekupata!" alisema, na furaha ikamjaa kifuani. Akazima.

Taa ikafa.

Miiba haikukoma.

Mara kumi na tano kila sekunde, vilevile, na taa imezimwa. Akaichomoa ukutani kabisa. Wapi! Kitinda akakakamaa, kisha akaanza kutikisika, povu mdomoni. Mama Waya akamlaza ubavu, akamfunika macho kwa viganja vyake viwili. Haikusaidia kitu. Miaka yote aliwaambia wazazi wasimkandamize mtoto, wasimtie kitu mdomoni, wahesabu tu. Sasa alihesabu yeye. Sitini. Tisini. Mia na ishirini. Aliita, lakini koridoni hakukuwa na mtu. Hajawahi kujiona hana maana kama jioni ile.

"Mwache," alinong'ona, wala hakujua anamwambia nani. "Mwache mwanangu... Nitazame mimi."

Kalamu mbili za chini za mashine zikabadili mlio.

Aligeuza shingo kuitazama karatasi. Mistari ya waya za akiba haikuwa michafu tena. Ilichora mawimbi madogo, ya duara, yaliyopangana vizuri. Aliyajua. Ubongo wa mtu yeyote asiyelala huyachora akiwa amefumba macho, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kukuonyesha.

Waya zenyewe zilikuwa msumarini. Zinaning'inia. Zinacheza kidogo.

Kisha mawimbi yakafutika yote kwa mpigo.

Hufutika hivyo mtu anapofumbua macho.

Kitinda akatulia, akapitiwa na usingizi mzito.

Asubuhi daktari aliikunjua karatasi mezani. "Mwitikio usio wa kawaida kwa mwanga unaopepesa," alisema. "Kifafa. Dawa ipo, na shule atarudi."

"Taa nilizima, daktari. Nikachomoa na waya ukutani."

"Shambulio likishaanza halisubiri taa. Unalijua hilo kuliko mimi."

Kweli, alilijua. "Na hii ya chini?"

"Waya zisizoshika kitu hudaka chochote." Lakini kidole chake kilikawia pale. "Au kulikuwa na mgonjwa mwingine mle ndani?"

"Hakukuwa na mtu."

Daktari akasaini barua haraka, akaikunja karatasi.

Jioni ya siku hiyohiyo Mama Waya alimpeleka Kitinda shuleni, barua mkobani. Waliketi kiti cha nyuma cha gari. Jua lilikuwa linapita katikati ya miti, mwanga, kivuli, mwanga, kivuli. Kitinda alilitazama bila kupepesa. Alikuwa anacheka, anasimulia jinsi wenzake watakavyotoa macho wakimwona.

"Simwoni, mama! Hata kidogo. Umeona? Ilikuwa ndoto, kama ulivyosema."

"Alhamdulillahi," mama yake akajibu taratibu.

Kitinda akageuka kumtazama. Kicheko kikamwisha.

"Mama... mbona umeziba jicho?"

Mama Waya akakibana kiganja zaidi. Mkono ulishaanza kumchoka na safari ilikuwa bado ndefu, lakini hakuthubutu kuushusha.