Mlinzi wa Zipora

Boaz Mihayo alirudi nyumbani mchana kunawa vumbi la karasha, ile mashine yake ya kusaga mawe ya dhahabu, kisha akajinyoosha kitandani kidogo. Mto wake ulikuwa na joto. Katoro ni mji wa joto, lakini mto wa mkewe, uliokuwa ubavuni mwake, ulikuwa baridi, na Zipora mwenyewe alikuwa sokoni na dagaa wake tangu alfajiri.

Akanusa. Udi. Nyumba ile haikuwahi kufukizwa udi.

Mwingine angewaza hawara. Boaz hakuwaza hivyo, kwa kuwa siku chache kabla yeye mwenyewe alikuwa amemwekea mkewe mlinzi.

Mambo yalianzia kwenye karasha. Kila wiki Zipora alikwenda Nkome, ziwani, kununua dagaa, akilala huko usiku mmoja. Wasagaji wakapata la kusema.

"Bosi, mkeo akirudi muulize: Marcel mwenye mitumbwi amempunguzia bei, au amemwongezea?"

Wakacheka. Naye akacheka nao. Lakini tangu hapo akawa ananusa kanga za mkewe kila anaporudi. Zipora alivumilia, hata siku moja akasema, "Baba Esta, miaka yote hii hujanikuta na neno. Humo kwenye kanga unatafuta nini?"

Boaz akaitupa kanga kitandani. Alisafiri hadi Mwadui, mahali asipojulikana, kwa mganga mmoja mzee aitwaye Zamoyoni.

"Nitamwekea jini," alisema Zamoyoni. "Mwanamume yeyote hatamkaribia, ila mwenye jina utakalonipa. Nipe lako, lile alilokupa baba yako."

Boaz akaona haya. Mganga yule alikuwa na wateja mpaka Katoro. Jina likivuja, watu wa karasha wangemcheka hadi kaburini.

"Wiliam," akasema. "Wiliam Ndaki."

"Ndilo?"

"Ndilo, mzee."

Sasa mto ulikuwa na joto. Jioni ile Boaz alipotaka kulala alikuta godoro limebonyea upande wake, na alipomgusa Zipora begani, mkono wake ukafa ganzi hadi kwapani. Akahamia kwenye kochi sebuleni.

Zipora akaacha kwenda Nkome. Akaanza kuimba akichambua mchele, jambo aliloliacha tangu Esta, binti yao, alipokwenda shule ya bweni. Kisha siku moja, magharibi, alipakua sahani mbili akaingia nazo chumbani bila hata kumtazama mumewe, na Boaz akasimama ukumbini, akasikia kijiko kikigonga sahani moja, halafu kijiko kingine kikigonga ya pili, halafu kitanda kikilalamika upande ule ule aliozoea kulala yeye, halafu mkewe akicheka kicheko cha siku za uchumba wao, chini chini, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga, halafu kimya, na ndani ya kimya kile sauti yake ikitamka polepole, kwa mapenzi, jina ambalo Boaz alilitunga mwenyewe kule Mwadui: "Wiliam."

Akausukuma mlango. Haukuwa na kufuli, lakini haukusogea.

"Nani?" ikauliza sauti nzito ya kiume.

"Mimi. Boaz."

"Simjui."

Kesho yake alikuwa Mwadui tena. Zamoyoni alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Kumtoa naweza. Ila mlete mkeo akae hapa, nawe umwambie kwa kinywa chako: mimi Boaz nilikutia jini kwa sababu ya wivu."

"Mzee, nitaleta ng'ombe. Wawili."

"Ng'ombe wako sina kazi nao. Nataka kinywa chako."

"Ataniacha!"

"Huenda. Kwani sasa hivi unaye?"

Boaz aliaga bila kutaja siku ya kurudi. Njia nzima aliyasikia maneno ya Zipora: hujanikuta na neno. Yeye ndiye angekutwa nalo sasa, na kulitamka mbele yake kulimshinda.

Aliingia Katoro jua likizama. Nyumba ilinuka udi tangu barazani. Akabisha mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Nani?" ikauliza sauti ile.

Boaz akasogeza mdomo karibu na mlango.

"Wiliam," akasema.

Mlango ukafunguka wenyewe. Zipora alikuwa ameketi kitandani peke yake, amepaka wanja, akimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, hata siku ya ndoa. Akamshika mkono. Mkono haukufa ganzi.

"Ingia upesi, mpenzi," akanong'ona. "Baba Esta yuko njiani anarudi, na bwana yule ana wivu."

Boaz akavua viatu vyake. Akavitazama kidogo, kisha akavisukuma kwa mguu hadi uvunguni, visionekane.