Waliojibu Kutoka Kichakani

Watu husema jini ni wa usiku. Aliyesema hivyo hakuwahi kwenda mpirani Pangani. Nasema Pangani ya Kibaha, si ile ya Tanga, na nasema miaka ile baada ya vita vya Hitla, Mwingereza bado yuko bomani Kisarawe na vijana waliorudi Burma wamekuja na wazimu mmoja vichwani, nao ni mpira. Jini wa Pangani alikuja saa kumi alasiri, jua linawaka, watu wanakula vitumbua. Tena hakujileta. Aliitwa.

Aliyemwita ni Tatu binti Mwinjuma, mjane, muuza vitumbua, na mdomo wake ulikuwa na moto kuliko jiko lake. Siku za mechi yeye ndiye aliyeongoza shangwe. Alipanda juu ya sanduku la chai, kanga kaifunga kibwebwe, anapiga debe la mafuta ya taa kwa mwiko, anauliza, "Pangani mpo?" na watu wake wanajibu, "Tupo!" Tatizo ni kwamba watu wenyewe hawakuwepo. Pangani nzima, ukitia na vikongwe, haikufika sabini. Kisarawe wao walikuja na lori limejaa, wana tarumbeta, wana makarani wa kofia, na siku hiyo walicheka mpaka wakauliza kama Pangani kumepita ndui.

Tatu hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Karibu na goli la chini palikuwa na kichaka kimoja kizito. Wazee walipofyeka uwanja walikiacha, wakasema pale pana wenyewe, kusikatwe wala kusiitwe mtu. Vijana hawakuuliza zaidi. Sasa Tatu, kwa hasira ya kuchekwa, akakigeukia kichaka kile, akapiga debe, akauliza kwa mzaha, "Na nyie wa kichakani, mpo?"

"Tupo!"

Halikuwa jibu la mtu mmoja wala watatu. Lilikuwa jibu la umati, kama vile nyuma ya ile miti kuna uwanja mwingine umefurika. Kisarawe waliacha kucheka. Pangani nao walishangaa kidogo, kisha wakaangua kicheko, wakadhani ni vijana wa Mlandizi wamejificha kuwasaidia. Mchezo ulipokwisha, Salehe, nahodha wa Pangani na mdogo wake Tatu, aliingia kichakani kuwashukuru. Majani hayakuwa yamekanyagwa. Hakukuwa na alama ya mguu hata mmoja, ila harufu ilikuwepo, harufu ya jasho la watu wengi waliobanana, nzito mpaka ikamkaa kooni. Alitoka bila kusema kitu, kwa maana siku hiyo walikuwa wameshinda, na mshindi hapendi maswali.

Hapo ndipo lawama zangu zinapoanza, na sizimwagi kwa Tatu peke yake. Maana walizoea. Wakija Ruvu, kichaka kinajibu, Ruvu wanafungwa. Wakija Mlandizi, kichaka kinajibu, golikipa wao anatetemeka mpira unampita miguuni. Kishindo kile kilisikika mpaka njia kuu, wapita njia wakauliza kuna harusi ya nani. Wapo waliogundua kwamba watu wakinyamaza, kule kichakani wanaendelea kidogo, pumzi mbili au tatu, ndipo wanaacha. Waliogundua walijifanya hawakugundua. Timu ilikuwa inashinda bwana.

Tatu alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwamini, binti wa miaka kumi na sita, na sifa ya Mwamini ilikuwa vigelegele. Akipiga, hata mbuzi hugeuka. Baada ya mechi ya Ruvu sauti yake ikakauka. Mama yake akamchekea, akasema umeshangilia kupita kiasi, kunywa uji wa moto. Uji haukusaidia. Siku ya Mlandizi Mwamini alisimama kando ya sanduku la mama yake, midomo imekauka, hawezi kutoa hata mnong'ono. Salehe akafunga goli, Pangani wakalipuka, na Tatu akiwa katikati ya kupiga debe akasikia vigelegele vya mwanawe, vile vile, na ule mkunjo wa mwishoni ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, akafurahi moyoni kwamba mtoto amepona, akainama amtazame, akaona mdomo wa Mwamini umefungwa na machozi yanamtoka, na vigelegele bado vinalia, vinatoka kule, nyuma ya miti, vinaongoza ule umati usioonekana, na watu wote uwanjani wanavijibu kwa furaha kwa sababu hakuna aliyejua wanamjibu nani.

Tatu alishuka kwenye sanduku.

Jambo la namna hii Uzaramoni lina njia yake, na Tatu aliifuata. Alimleta Mzee Mwinyimadi, mganga wa pepo kutoka upande wa Ruvu, mtu anayeheshimika. Mwamini akaketishwa kwenye mkeka, akafukizwa, akafunikwa shuka, ngoma zikapigwa tangu asubuhi. Kila mtu anajua inavyokwenda. Pepo hupanda kichwani, mganga humuuliza wewe nani na unataka nini, naye hujitaja, hutaka kuku mwekundu au kaniki au ushanga, wanawake wanampigia vigelegele kumkaribisha, mambo yanaisha kwa wema.

Alasiri pepo alipanda. Mzee Mwinyimadi akauliza. Mdomo wa Mwamini ukafunguka, na kutoka kwenye kifua kile chembamba ukatoka uwanja mzima, watu mamia, mbinja, makofi, miguu inayopiga ardhi, mpaka vyungu vikatikisika. Kisha ikabaki sauti moja, ya mtu mpole.

"Kuku wenu sitaki. Niliitwa kwenye shangwe. Nishangilieni."

Na wale wanawake, kwa hofu na kwa mazoea, wakafanya kile ambacho mama zao walikifanya na bibi zao walikifanya. Pepo kasema anachotaka, wakampigia vigelegele. Wapigaji wakazidisha ngoma. Na kadiri walivyoshangilia ndivyo shuka lilivyokuwa likishuka na kupanda kwa shida zaidi, na Mwamini akainama, akainama, mpaka paji la uso likagusa mkeka, na alipofunuliwa midomo ilikuwa imegeuka kijivu na pumzi yake ilikuwa nyembamba, inaingia tu, karibu haitoki. Mzee Mwinyimadi alisimamisha ngoma kwa mkono wake mwenyewe. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alimwambia Tatu pembeni, taratibu, kwamba katika umri wake hajakutana na wa namna ile, na kwamba shangwe nyingine kubwa kama ile mtoto hataivuka. Akaondoka bila kuchukua hata yule kuku.

Tatu alilia siku hiyo. Nalisema kwa sababu baadaye watu walimfanya mwanamke wa chuma, na hakuwa wa chuma.

Siku mbili baadaye akafariki Mzee Abeid, jirani. Watu wakakaa matangani siku tatu, na kama ilivyo, hakuna ngoma, hakuna kelele, watu wanaongea chinichini. Tatu akawa anatoka msibani kwenda kumwangalia mwanawe. Siku ya kwanza Mwamini alilala usingizi wa kweli. Ya pili alikunywa uji bakuli zima. Ya tatu, rangi ilikuwa imerudi midomoni. Tatu alikaa kitandani akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema peke yake, "Kumbe shangwe ndiyo chakula chake. Tumemlisha wenyewe."

Alimfuata Mzee Mwinyimadi mpaka kwake Ruvu, kwa miguu. Akamwamkia, akaketi, akamweleza. Yule mzee alikubali kosa lake, jambo ambalo waganga hawalipendi, akamwambia jini aliyeitwa kama mgeni hula kwa mwenyeji wake tu. Shangwe za Kisarawe si zake, za Pangani ndizo zake. Basi mvunje timu, mkae kimya, ataondoka.

Tatu akakataa.

"Mzee wangu, mgeni ukimwambia leo hatujapika, atangoja kesho. Huyu nataka chungu kichemke mbele ya macho yake, asikie na harufu, na asipewe. Ajue kwamba hatakiwi."

"Na watu wako wakishindwa kujizuia? Mmoja tu akipiga kelele?"

"Nitamzika mwanangu. Unadhani sijui?"

Mechi yenyewe ilikuwepo, ya kombe, na Kisarawe, Jumamosi ya juma lile lile. Kazi ilikuwa kwa watu. Tatu alipita nyumba hadi nyumba. Wengine waliapa kwa machozi, wengine walikuna vichwa, wakasema lakini mama Mwamini, kombe. Aliyekuwa mgumu ni Salehe. Alimwambia dada yake wazi kwamba bila kile kishindo watafungwa, na vijana wake wamengoja kombe lile miaka mitatu.

"Basi mfungwe," Tatu akasema. "Kombe mtalikuta mwakani. Mpwa wako utamkuta wapi?"

Jumamosi Salehe aliwapanga wachezaji wake na kuwaapisha mmoja mmoja kwamba hakuna atakayeshangilia.

Mwamini alibebwa kwenye machela ya kamba mpaka uwanjani. Watu walimwona Tatu kichaa. Yeye alisema jini akimtaka mtoto amfuate kwa mama yake, asimvizie nyumbani. Alimlaza mwanawe karibu na sanduku lake, naye akapanda kama kawaida, kibwebwe kama kawaida, debe mkononi. Hakulipiga. Kisarawe wakashuka kwenye lori na tarumbeta zao, wakakuta Pangani wamejipanga kando ya mstari, sitini na kitu, midomo imefungwa. Wakaanza kejeli. Wakauliza kama leo wamekula ulimbo. Wakafunga goli la kwanza, wakacheza. Wakafunga la pili. Mzee mmoja wa Pangani aliuma kofia yake mpaka ikatoboka.

Kipindi cha pili kichaka kilianza chenyewe. Kwanza makofi, machache, ya kubembeleza. Kisha mbinja. Kisha harufu ile ya jasho ikatambaa mpaka kwenye mstari, na sauti zikaanza kuita watu kwa majina, Mashaka, Mwanakheri, Husseini, kwa upole kama jirani anayeomba moto, halafu ikaita sauti ya marehemu Abeid ambaye udongo wake ulikuwa bado mbichi, ikawauliza wanawe mbona wamenuna siku ya mpira, na wanawe wakashikana mikono wakatazama chini na hakuna aliyejibu. Kisarawe nao walikuwa wameanza kusikia. Tarumbeta ikakatika katikati.

Hapo ndipo Mashaka, kijana mwembamba asiyejulikana kwa lolote, alipouchukua mpira kwenye nusu yake, akampita mmoja, akampita wa pili, akamlaza chali beki wa Kisarawe mwenye viatu, yeye peku, akaupiga ukaingia pembeni kabisa mwa goli. Mimi nimeelezwa goli lile na watu kumi na wote walisimama kulieleza. Na Pangani hawakutoa sauti. Walishika midomo kwa mikono miwili. Walijitupa chini wakauma majani. Refa alisita na kipenga, hakuamini kwamba ni goli, kwa kuwa hakujua goli lisilo na kelele.

Kichaka kikalipuka peke yake, mamia kwa mamia, matawi yakipigana bila upepo, kikishangilia na kushangilia na kungoja kujibiwa, na hapo hapo Mwamini akaketi kwenye machela, macho yamemtoka, mdomo umefunguka, kifua kimejaa, anataka kupiga kigelegele. Tatu aliruka kutoka kwenye sanduku akamziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia kwa mkono mwingine. Mtoto alipambana. Na kishindo kichakani kikaanza kupungua, kutoka mamia kikawa makumi, kutoka makumi kikawa watu watano, watatu, mpaka ikabaki sauti moja tu inayolia nyuma ya miti, sauti ya Mwamini mwenyewe.

"Mama. Mama, nimebaki huku peke yangu. Niitikie."

Tatu alikuwa na mwili wa mwanawe mikononi na sauti ya mwanawe mgongoni. Hakugeuka. Alimsogezea midomo sikioni yule aliyemshika, akasema kwa sauti ya chini kabisa, si kwa Mwamini bali kwa jini, "Mimi ndiye niliyekuita, na mimi ndiye ninayekunyima. Ondoka na njaa yako."

Sauti ikaita tena, mbali kidogo. Kisha ikakatika. Chini ya kiganja chake Tatu akasikia koo linatetemeka, na pumzi ya moto inatoka, ndefu, nzima. Hakutoa mkono. Alikaa hivyo mpaka kipenga cha mwisho, mbili kwa moja, kombe linakwenda Kisarawe.

Watu wakaanza kuondoka kwa kunyata. Tatu akauondoa mkono polepole, akiogopa kuliko alivyoogopa siku zote zile.

"Mama," Mwamini akasema, sauti imekwaruza kama mlango wa bati, "ulikuwa unaniziba na pua."

Wazee walikutana. Walitaka uwanja uachwe, uote majani, timu itafute pengine. Tatu aliingia barazani bila kuitwa, akawaamkia wote, akawaambia kwamba kichaka ni cha wenyewe na hatakigusa wala kukiita mtu tena, lakini uwanja walifyeka wao kwa mapanga yao, na jini aliyenyimwa mbele ya watu hana haki ya kurithishwa mali. Walibishana mpaka adhuhuri. Jumamosi iliyofuata mpira ulichezwa.

Sauti ya Mwamini haikurudi kama zamani. Kigelegele chake kilitoka kimepasuka, kinakwama njiani, na Kisarawe walipokuja tena walikicheka sana. Tatu, ambaye hakuwa mtu wa kuchekwa, aliwaacha wacheke. Alikuwa anamsikiliza mwanawe.