Upinde wa Mikono Mirefu

Uligeuza uso. Askari walipopita nyumba hadi nyumba kukusanya bunduki zetu, ulikuwa dirishani, ukashusha pazia. Ukasema watu wa msituni watazoea, si walikuwa na pinde tangu zamani? Basi sikiliza walivyozoea.

Dhoruba ya kwanza ya theluji iliwakuta Uljen na baba mkwe wake, mzee Molingga, juu ya mto Kumar, wakirudi kutoka mawindoni mikono mitupu. Farasi wao aliteleza kwenye mawe, akambingirikia mzee, akaporomoka hadi majini na mzigo wote. Unga, shoka, matandiko ya ngozi: vyote vikaenda. Mguu wa mzee ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatokeza. Uljen aliufunga kwa magome ya mti, akamburuta hadi chini ya mwerezi ulioanguka, akamwashia moto. Kilichosalia ni pinde mbili alizokuwa nazo mgongoni, na mishale.

Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hapazi sauti mbele ya wanaume. Akazilaza pinde thelujini, macho chini.

"Barabara ya malori ya mbao iko huko maji yanakoelekea," mzee alisema. "Chukua huo mrefu."

Huo mrefu ulikuwa na mshiko mdogo na mikono mirefu, yaani zile pande mbili za juu na chini ya mshiko, inayopinda taratibu. Hata vidole vilivyokufa ganzi vingeuvuta. Lakini sharti usimame. Ule mwingine ulikuwa na mshiko mrefu na mikono mifupi, migumu. Mtu aliyekaa angeweza kuutumia, ila mikono mifupi hujikunja kwa nguvu, na baridi kali huipasua.

"Baba, mbwamwitu watanusa damu. Huu mfupi ukikatika je?"

"Nimeuchonga mwenyewe, leo unifundishe? Hata mumeo hakunisumbua hivi, na yule ni mpumbavu."

"Mpumbavu huyo ndiye uliyenioza kwake."

Mzee akacheka, kisha akaziba mdomo kwa maumivu.

Uljen akauvuta ule mfupi kuujaribu. Ulipokaribia kifua ukalia: tik.

"Tawi hilo," mzee akasema. "Nenda."

Hapakuwa na tawi. Uljen alijua, na mzee alijua kwamba anajua. Akimwachia mrefu, mzee hataweza kusimama auvute. Naye akienda na uliopasuka atakufa njaa njiani, na hakuna atakayejua mzee yuko wapi. Akauchukua mrefu. Hakugeuka nyuma.

Vichakani upinde ulinasa kila hatua. Paa alitokea karibu kabisa. Ncha ya chini ikagonga shina, mshale ukaenda kando. Uljen alitafuna magome, akalia kwa hasira, akaendelea. Kesho yake akauvuta tena polepole, akampata kwale, akamla mbichi. Nyuma yake mbwamwitu walilia kutwa nzima. Kisha wakanyamaza, na kimya hicho kilimkata maini.

Alifika kambi ya mbao akitambaa. Wanaume walikuwa mezani wakinywa supu.

"Kaa upate joto, dada," msimamizi akamwambia. "Dhoruba ikitulia tutaona."

"Baba yangu amevunjika mguu, yuko nje!"

"Na nani aliwatuma kuwinda kwa vijiti?" mwingine akauliza, na meza nzima ikacheka.

Uljen akamkazia macho. Akashika ukingo wa meza, akaipindua, supu ikawamwagikia mapajani.

"Hivyo vijiti ndivyo mlivyotuachia!"

Wakamtupia blanketi. Hakuna aliyewasha lori. Akatoka, akafuata barabara kwa miguu hadi hapa kwetu.

Mzee Molingga bado yuko kule, pengine hai, pengine la. Wewe una gari, una mafuta, na bunduki yako wewe hawakuichukua. Uljen amesimama mlangoni pako, amekataa kuketi, atakuonyesha njia. Vaa viatu. Twende, sasa hivi.