Rejoice na Gari la Jumatano

Kila asubuhi kazi za Rejoice zilikuwa zilezile: kuwasha moto, kubandika maji, kufagia uwanja, kisha kumsaidia bibi yake kuvaa. Jumatano hiyo alizifanya zote kwa pupa. Uji uliungua, ufagio akauacha katikati ya uwanja, na mara tano alikwenda hadi kwenye ua kuchungulia barabara, ingawa ukungu wa Kichiwa, kijiji chao, ulikuwa mzito kiasi kwamba hata banda la nguruwe halikuonekana vizuri.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?" bibi yake aliuliza.

"Naangalia gari, bibi. Litakuja."

Bibi Telesia alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri, amevaa gauni la kanisani na sweta mbili. Tangu aanguke shambani mwezi wa tano, hakuweza kuukanyagia mguu wake wa kulia. Usiku alikuwa akiuma shuka ili mjukuu wake asimsikie akilia. Daktari wa mifupa alifika Makambako siku moja tu kila baada ya miezi mitatu, na siku yenyewe ilikuwa leo. Akimkosa, angeuma shuka miezi mitatu mingine. Elius, baba mdogo wa Rejoice, alikuwa Matembwe akipasua mbao, na simu pekee ya nyumbani alikuwa ameondoka nayo.

Tumaini lao lilikuwa gari la kikundi, Noah kuukuu ambayo wanakijiji waliichangia ili wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu wasikwame nyumbani. Kila Jumatano Badru, dereva kutoka Makambako, alikuja kuwachukua. Utaratibu wake haukuwa mgumu. Majina yaliandikwa na Mama Beatha kila Jumapili baada ya ibada. Asiyeweza kutembea alifuatwa mlangoni kwake saa kumi na mbili na nusu. Anayejiweza alingojea njia panda, na saa moja kamili gari liliondoka.

Saa kumi na mbili na nusu ilikuwa imeshapita, na Rejoice alijua vizuri sababu ya gari kutofika.

Jumapili ile bibi alimtuma akamwandikishe. Uwanja wa kanisa ulikuwa umefurika, kwa kuwa mnada wa sadaka ulikuwa umepamba moto. Mzee wa kanisa alikuwa ameinua jogoo juu, na watu walikuwa wakipandishiana bei huku wakicheka. Katikati ya kelele hizo Mama Beatha, daftari mapajani, alilazimika kupaza sauti.

"Rejoice, bibi yako vipi? Anatembea mwenyewe au tumfuate mlangoni?"

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Feliciana, mwanafunzi mwenzake, na watu wengine wakageuka kusikiliza. Rejoice alijikunyata. Bibi Telesia ndiye aliyekuwa akipanda mlima na tenga la viazi kichwani huku vijana wakihema nyuma yake. Shuleni Rejoice alizoea kujigamba kwa habari hizo. Sasa atangaze mbele ya kijiji kizima kwamba hata chooni bibi hupelekwa kwa kushikiliwa?

"Anatembea mwenyewe," alisema, na Mama Beatha akaandika.

Tangu hapo hakuwa na raha. Jumatatu alikusudia kwenda kurekebisha, akaahirisha. Jumanne vilevile. Mwishowe alijifariji kwamba dereva asipomwona bibi njia panda, bila shaka atamfuata nyumbani. Uongo una tabia hiyo: ukishamdanganya mwenzako, unaanza kujidanganya mwenyewe.

Mara ngurumo ya gari ikasikika kutoka bondeni. Ilisogea, ikasogea, ikafika usawa wa nyumba yao, ikapita. Baada ya muda honi ililia mbali, kule njia panda.

"Limetupita?" aliuliza bibi.

"Labda dereva amesahau," Rejoice alisema huku akitazama chini.

Bibi Telesia alianza kufungua kitambaa chake kichwani, polepole. "Badru nilimdhania mtu mwungwana. Elius akirudi, atamshtaki kwenye kikundi. Mtu anayesahau wagonjwa hafai kukabidhiwa gari."

Rejoice aliinua uso haraka. Badru, aliyekuwa akiwabeba wazee mgongoni matope yakizidi, afukuzwe kazi kwa ajili yake!

"Bibi, hakusahau!" alilipuka. "Ni mimi. Nilimwambia Mama Beatha unatembea mwenyewe. Watu walikuwa wengi, nikaona aibu."

Bibi aliacha kufungua kitambaa. "Unanionea aibu, Rejoice?"

Maneno hayo yaliuma kuliko fimbo. Rejoice akaanza kulia.

"Utalia baadaye," bibi alisema kwa ukali. "Honi bado inalia. Kimbia!"

Alikimbia. Aliteleza, akaanguka, akainuka na magoti yenye tope. Alipofika njia panda, Badru alikuwa ameshafunga mlango na kuwasha gari. Rejoice akasimama mbele ya gari, mikono ameitanua.

"Wewe binti, unataka kufa?" Badru aliteremka, karatasi mkononi. "Na bibi yako yuko wapi? Nimempigia honi mpaka nimechoka."

"Shikamoo, kaka Badru. Bibi hawezi hata kusimama. Mimi ndiye niliyemdanganya Mama Beatha."

Alisema kwa sauti, na wote ndani ya gari walisikia. Miongoni mwao alikuwa Feliciana, ameketi karibu na babu yake, Mzee Clemens.

Badru alishusha pumzi. "Kiti cha magurudumu kilichokunjwa nyuma ya gari kikifunguliwa kinachukua nafasi ya watu wawili. Ningejua mapema, ningeiacha nafasi hiyo. Sasa gari limejaa. Mama huyu ni mjamzito, yule amevunjika mkono. Niambie, nimshushe nani?"

Rejoice alitamani mtu amgombeze.

"Tushushe sisi," Mzee Clemens alisema. "Mimi nakwenda kupimwa macho. Mpimaji wa macho yupo kila Jumatano, daktari wa mifupa hayupo. Twende, Feliciana."

Feliciana alimshika babu yake mkono, wakateremka kwenye baridi. Hakumcheka Rejoice wala hakumtazama.

Badru aligeuza gari mbio. Bibi akaketishwa kwenye kiti cha magurudumu, akapandishwa garini kwa ubao, akafungwa mkanda, na yule mama mjamzito akaahidi kumwangalia, kwa sababu nafasi ya Rejoice haikuwepo. Rejoice akaenda shule. Siku nzima hakuelewa hata somo moja.

Jioni bibi alirudi na dawa, magongo mawili na siku ya kurudi kliniki. Daktari alikuwa amesema kwamba wangechelewa zaidi, mguu ungepinda moja kwa moja. Rejoice alimkumbatia na kumwomba radhi.

"Mimi nimekusamehe," bibi alisema. "Lakini si mimi peke yangu uliyenikosea. Nenda kwa Mzee Clemens."

Mzee Clemens alikuwa ameketi uwanjani kwake, jua bado linawaka. Rejoice alisimama hatua tatu mbele yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Rejoice alishtuka. Mzee alikuwa akimtazama usoni kabisa, na hakumwona. Hayo ndiyo macho yaliyokosa kupimwa ili bibi yake apate nafasi garini.

"Ni Rejoice, babu. Nisamehe. Nimekukosesha matibabu."

"Ahaa! Feliciana, mletee mwenzako kigoda." Mzee alisubiri hadi Rejoice akaketi. "Nilishuka kwa sababu ulisema kweli mbele za watu. Lakini uikumbuke siku ya leo, mjukuu wangu. Dereva hupanga safari kwa yale tunayomwambia. Tukimdanganya, kuna mtu ataachwa barabarani. Na kutoweza kutembea si aibu. Mimi sioni, na kijiji kizima kinajua, ndiyo maana kila nipitapo kuna anayenishika mkono. Ningejifanya naona, ningekuwa nimeshatumbukia mtaroni zamani."

Feliciana alicheka, na Rejoice naye akacheka huku akifuta machozi.

"Sasa Jumapili," Mzee Clemens alisema, "utakayekwenda kuniandikisha ni wewe. Useme hali yangu kama ilivyo, na useme kwa sauti."