Kilio Katika Redio ya Mtoto

Skaistė alikuwa akimenya viazi aliposikia mtoto analia sebuleni. Yeye mwenyewe alikuwa mjamzito, na nyumba ile ya mjini Kupiškis haikuwa na mtoto mwingine.

Kilio kilitoka kwenye redio mpya. Aliinunua mtandaoni kwa muuzaji wa Ureno. Ina vipande viwili: kimoja hukaa kando ya kitanda cha mtoto, cha pili hukaa kwa mama, asikie mtoto akiamka. Lakini chumba cha mtoto kilikuwa kitupu. Kilio kilipanda, kikakatika ghafla, kama cha mtu aliyezibwa mdomo.

Mkwewe, Bibi Bronė, alisimama mlangoni, uso umesawijika. Kwao mtoto hanunuliwi hata soksi kabla hajazaliwa.

"Nilikukanya," alisema. "Umemwita kabla ya wakati, sasa ameitika mwingine. Kaitupe mtoni."

Skaistė aliizima. Giza la Desemba liliposhuka, ikalia tena.

Aliogopa kuitupa, na aliogopa zaidi kuirudisha. Akimwandikia muuzaji atatakiwa kueleza sababu, na kumtaja mtoto wa tumboni kwa mgeni ni kumtafutia balaa. Basi akanyamaza. Kila redio ilipolia alishika tumbo, akisubiri mtoto wake acheze. Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa karibu kuzaa huku bado anaficha.

Siku moja jirani yao Liucija alileta mayai. Zamani alifanya kazi katika ofisi ya kuwasaidia wanunuzi. Redio ikalia mbele yake. Hakucheka. Aliuliza tu ilifika lini.

"Jumatatu ya wiki iliyopita, shangazi."

"Basi hujachelewa. Ukinunua mtandaoni, una siku kumi na nne tangu kupokea mzigo. Muuzaji akiwa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, ni hivyo hivyo."

"Nitampa sababu gani?"

"Hudaiwi sababu, mwanangu. Mwandikie kwamba umeghairi, ubaki na nakala."

Bibi Bronė alinung'unika kwamba mto hauhitaji maandishi.

"Wala haurudishi pesa, Bronė. Samaki hawatoi risiti."

Liucija akaeleza yaliyobaki. Wengi hukosea kwa kurudisha mzigo kimyakimya. Bila kuandika, hujaghairi. Ukishaandika, una siku nyingine kumi na nne za kuutuma. Gharama ya kuurudisha huenda ikawa yako. Kitu kibovu kina dhamana ya miaka miwili, na hapo muuzaji ndiye hulipa, ila anaweza kukitengeneza kwanza.

"Unataka itengenezwe, irudi humu?"

"Sitaki," alisema Skaistė.

Liucija alimwambia pia kwamba muuzaji akikaidi, kituo cha wanunuzi cha mji mkuu, Vilnius, husaidia bure.

Skaistė aliandika mistari miwili, akaituma. Kesho yake, kwenye foleni ya posta, redio ililia ndani ya boksi. Watu waligeuka wakamtazama tumbo. Alisimama palepale mpaka akapewa risiti.

Pesa zilirudi zote, pamoja na gharama ya kuletewa mara ya kwanza. Muuzaji aliongeza kwamba wameijaribu redio na hawakusikia chochote.

"Basi nani alikuwa analia?" aliuliza Bibi Bronė.

Skaistė hakujua, na hakuna aliyemdai jibu. Nyumba ilikuwa kimya. Mtoto akampiga teke zito ubavuni, na Skaistė akalia kwa furaha.