Tanuri Lisivunjwe Kwanza

Jumanne ya tarehe tisa, saa nne asubuhi, dalali wa mahakama alibandika karatasi kwenye mlango wa mfinyanzi. Baada ya siku saba, karakana na tanuri vitabomolewa.

Mfinyanzi alicheka. "Mimi nimekata rufaa. Muhuri huu hapa."

"Rufaa naiona, mzee. Amri ya kunizuia siioni," dalali akajibu, akaenda zake.

Kicheko kikamkauka. Tanuri lile alilijenga na marehemu mkewe, tofali kwa tofali. Mtaa mzima ulinywa maji ya mitungi yao. Sasa wakubwa wa mji walitaka njia ya magari yao, na hakimu akawapa kiwanja.

Binti yake akamwita jirani, karani mstaafu wa mahakama. Mtaani walimwita Mama Muhuri.

"Kaka, umekaa unangoja nini?"

"Nangoja rufaa."

"Utaingojea juu ya kifusi. Kukata rufaa hakusimamishi hukumu. Unapeleka ombi lingine, mahakama isimamishe utekelezaji mpaka rufaa isikilizwe. Na uwahi."

"Wote si lao moja?"

"Nuna baadaye. Kwenye hati ya kiapo, eleza ni kitu gani hakitarudi hata ukishinda. Na usiwatukane wakubwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mfinyanzi alitaja maneno, binti akaandika: "Tofali naweza kufyatua tena. Mikono iliyonisaidia kulipanga tanuri hili siwezi kuipata."

Akala kiapo, wakapeleka ombi siku ileile. Ijumaa jaji alisikiliza pande zote mbili. Akayasoma maneno yale kwa sauti, polepole. Kisha akaamuru: kisiguswe kitu mpaka rufaa iamuliwe.

"Hujashinda kesi bado," Mama Muhuri akamkumbusha. "Umeisimamisha tu hukumu. Haya, nakala zenye muhuri zifike kwa dalali na kwa wakubwa."

Nakala zikapelekwa. Siku ya saba dalali alikuja, lakini peke yake, bila nyundo wala vibarua. Alibandua karatasi yake mwenyewe. Mfinyanzi alisimama mlangoni na shati lake lililopigwa pasi, kifua mbele. Nyuma yake binti alikuwa akipanga mitungi tanurini.

"Baba leo umerefuka," binti akamtania.

Mama Muhuri akacheka. Mfinyanzi akamgeukia.

"Dada, yule karani wa dirishani mahakamani alinigongea muhuri wa rufaa, akaniona naondoka nikitabasamu. Alijua haitoshi. Kwa nini hakuniambia?"